Pumzi Nilizozifuta kwenye Albamu ya Debe Tupu

Wanangu mnaoshika maiki na kompyuta za kurekodi, amani iwe juu yenu, wa msikitini na wa kanisani. Nimewarekodi nyote, kwaya asubuhi na kaswida mchana, na sijawahi kuona sauti zikigombana ndani ya waya. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia masikio mazima mpaka leo, maana macho yameanza kunikimbia na magoti yalishatangulia.

Mmeniomba niandike kuhusu kazi. Ningeweza kuwaandikia kaswida zangu zilizopigwa kwenye maulidi ya mji mzima, lakini mtu hajifunzi kwa sifa za mwenzake. Nitawaandikia albamu niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, tena nikiwa na udhu.

Studio yetu ilikuwa Kinondoni, nyuma ya duka la vitambaa. Kuta tulizifunika kwa magodoro ya sponji yaliyochakaa, na dari kwa trei za mayai. Bati likinyeshewa mvua tulisimama. Ikiadhiniwa tulisimama. Jirani akianza kutwanga kisamvu tulimtumia mtu akamwombe kwa heshima, na mara nyingi yule mtu alirudi na bakuli la kisamvu badala ya ukimya. Friji la soda la mwenye duka lilikuwa likinguruma hadi chumbani kwetu, kwa hiyo kabla ya kurekodi nililizima na kuweka kofia yangu juu yake. Sitoki nje bila kofia, hivyo kila nilipokwenda kuichukua nilikumbuka kuliwasha. Katika miaka yote soda ziliharibika mara moja tu, siku niliyovaa kilemba.

Kazi nilifundishwa na Mzee Anyosisye, Mnyakyusa, mwalimu wa kwaya aliyejifunza umeme kwa kubomoa redio za watu. Enzi zake sauti ilikaa kwenye utepe. Ukitaka kuondoa kitu unakata utepe kwa wembe, unaunga kwa gamu. Mie nilikuwa mwepesi wa wembe kuliko yeye. Nilipokuwa mtoto chuoni, maalim wetu alituchapa tukivuta pumzi katikati ya neno, kwa hiyo nilikua nikiamini pumzi ni kitu cha kufichwa. Mwanakwaya akihema kati ya mstari na mstari, nakata. Akikohoa, nakata. Wakaniita Shomari Wembe, na nikalipenda jina.

Siku moja nikakata Amina. Kwaya ya watu arobaini imeimba wimbo mzima, imefika mwisho, mie nikadhani nakata kikohozi cha mtu wa besi, kumbe nimekata Amina yote. Wanakwaya walikuwa wamesharudi Mbeya. Mzee Anyosisye hakunigombeza. Alinipa ndoo ya taka akaniambia, "Itafute." Nilitafuta kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri kipande cha utepe chenye urefu wa kidole. Tulikikuta kimenasa kwenye soli ya ndala yangu. Nimeikanyaga Amina ya watu arobaini nikienda nayo hadi msalani.

"Shomari," akaniambia, "kibichi kinaweza kupikwa wakati wowote. Kilichopikwa hakirudi kuwa kibichi. Kuanzia leo kila tunachorekodi tunaweka nakala mbichi, na wewe hutaigusa."

Tangu siku hiyo niliweka nakala mbichi ya kila kazi. Kwanza zilikuwa tepe, baadaye zikawa diski za kompyuta, nazo nilizifunga kwa kipande cha kanga ya mke wangu na kuziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Lishikeni hilo la kopo.

Sasa niwaeleze waliokuja. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Waliingia vijana watatu, wote wamevaa nyeusi na mabuti mazito katika joto la Februari. Mbele binti, shati lake limechanika begani na limeshikizwa kwa pini kama tano. Nyuma yake kijana mrefu na gitaa, na mwingine mnene kidogo amebeba ngoma kichwani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnamtafuta nani?"

"Tunakutafuta wewe. Sie ni bendi, tunaitwa Mabati. Mie Sikujua, huyu Hamadi wa gitaa, yule Frenki wa ngoma. Tumetoka Mbagala."

"Mnapiga muziki gani?"

"Panki."

Mie panki niliyoijua ni ya nywele. Nikamtazama kichwani, alikuwa amejifunga kitambaa cheusi. "Iko humo ndani?" nikamuuliza. Hamadi akacheka mpaka akaegemea mlango.

Frenki ndiye aliyenielewesha. "Ni roki, babu, ila ya haraka na ya hasira. Watu watatu, nyimbo fupi, hamna kubembeleza."

"Hasira kwa nani?"

"Kwa foleni ya maji," akasema Sikujua.

Walikuwa na nyimbo tisa na zote zilizungumzia maji: ndoo, foleni ya alfajiri, wanaochomekea mbele, migongo ya akina mama. Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye banda la mabati la baba yake Frenki, fundi wa kuchomelea madirisha, na majirani walikuwa wakipita wakisema debe tupu haliachi kuvuma. Wakaona jina la albamu ndiyo hilo wamepewa bure. Wakaiita Debe Tupu.

"Studio za Sinza zinataka tuimbe juu ya mdundo wa kompyuta," Hamadi akaniambia. "Sie tunataka tupige wote pamoja, chumba kimoja, kwa mpigo mmoja. Tumeambiwa wewe una chumba cha kwaya."

Sitawadanganya, sikuupenda ule muziki. Nilisoma maneno yao kwanza, mstari kwa mstari, nikitafuta tusi nipate sababu ya kuwafukuza. Sikupata tusi. Nilikuta malalamiko ya watu waliochoka, na maalim wetu alitufundisha kwamba malalamiko ya aliyeonewa hayana pazia kati yake na Mola. Basi nani mie niweke pazia. Nikawapa siku tatu.

Siku ya kwanza mke wangu, Bi Mwanaidi, alituletea vitumbua akamkuta Sikujua yuko katikati ya wimbo. Akasimama mlangoni na sinia.

"Huyu binti anaumwa?"

"Anaimba."

"Mpe tangawizi basi."

Wakati wa chai ndipo tulipojua lililokuwa shingoni mwake. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliyebaki ni mjomba, anayeishi Mbezi Luis, ambaye ndiye aliyemsomesha. Mjomba huyo alikwisha kumtafutia kazi ya ukarani kwenye ghala la mpunga Kahama.

"Sasa mjomba hasikilizagi panki," Sikujua alimwambia mke wangu, kitumbua mkononi. "Anamsikiliza yule mchambuzi wa redio wa Jumamosi. Huyo akisema gari bovu, mjomba anauza gari. Kaniambia, 'Toeni hiyo albamu yenu. Yule akisema mna kitu, mie nanyamaza. Akisema hamna, wewe unapanda basi la Kahama.' Tukaahidiana."

"Na bendi?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Bendi ya watu wawili hiyo itakuwa ngonjera, bibi."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Nawaambia ili mjue kwamba nilipofanya nilichofanya sikuwa sijui.

Siku tatu zikapita vizuri. Amplifaya ya Hamadi ilikuwa na spika iliyochanika, inakoroma kama mtu mwenye mafua; nilitaka kumwazima nyingine akakataa kwa upole. Frenki alihesabu kwa fimbo kabla ya kila wimbo. Wimbo wa mwisho, "Zamu Yangu," ulimmaliza Sikujua nguvu. Aliimba ameshika debe la bati mkononi, na sauti ilipomkatikia alilitua chini, kwaa, akahema mara tatu mbele ya maiki. Hema moja ndefu, mbili fupi. Nikaandika kwenye daftari langu: mwisho, debe na pumzi, ondoa.

Walipoondoka nilifanya kazi juma zima peke yangu. Niliwaonea huruma, wanangu. Nilifikiri: hawa hawana mtu, mjomba anasubiri, mchambuzi anasubiri, nami Mungu amenipa ujuzi, nitawasafishia kama ninavyowasafishia masheikh. Nikaondoa kila pumzi. Nikaondoa hesabu za Frenki. Mkoromo wa spika nikaupunguza mpaka gitaa likawa kama kinanda cha kanisani. Ngoma zilizotangulia nikazirudisha kwenye mstari, zilizochelewa nikazisogeza. Mwisho nikaweka mwangwi kidogo, ule wa ukumbi mkubwa. Nilipomaliza niliomba dua.

Wakaja kusikiliza. Walikaa kwenye benchi la kwaya, mikono magotini, nyimbo tisa zote. Ilipokwisha, Hamadi alikuwa akitazama mabuti yake.

"Ni safi, babu," akasema Frenki.

"Safi sana," akasema Hamadi.

Sikujua aliinamisha kichwa. "Ahsante, babu. Umehangaika sana. Ni safi sana."

Kijana akikwambia "safi" mara moja, amefurahi. Wakikwambia watatu kwa zamu, bila mmoja wao kuomba kurudiwa hata wimbo mmoja, kuna msiba chumbani. Mie sikuuona. Niliona heshima yao nikaifurahia. Hata nilimwambia mke wangu kwamba vijana wa siku hizi wanasingiziwa, hawa wana adabu.

Wakaitoa mtandaoni, na diski chache za kuuza mkononi. Jumamosi ya tatu mchambuzi akaifikia. Mie na Bi Mwanaidi tuliketi sebuleni na redio, sahani ya tende katikati, kama watu wanaosubiri mwezi kuandama.

Yule bwana hakuwa mtu wa matusi, na hilo lilifanya iume zaidi. Alipiga wimbo wa kwanza, kisha akapiga "Zamu Yangu."

"Wasikilizaji," akasema, "hawa wanajiita Mabati, nami nikajiandaa kwa mabati. Nimepewa mto wa kulalia. Debe tupu linavuma, lakini hili limejazwa pamba. Maneno ni mazuri, ila sauti haiyaamini maneno. Huyu binti anatuimbia foleni ya maji nyimbo tisa na hahemi hata mara moja. Nani kati yenu amewahi kubeba ndoo bila kuhema? Naona hapa vijana waliosoma kuhusu shida kwenye simu."

Bi Mwanaidi akaacha kutafuna. "Hizo pumzi anazozidai," akaniuliza, "si ndizo ulizokuwa ukizitoa juma zima?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Kisha mchambuzi akampigia simu Sikujua hewani. Akamuuliza, mbona albamu imesafishwa hivi, nani aliyeamua? Nikajua sasa nitatajwa. Nilistahili kutajwa.

"Ni sisi," akasema Sikujua. "Ndivyo tulivyotaka wenyewe."

"Hamkusukumwa na studio?"

"Hapana. Mzee wetu wa studio alitufanyia kazi nzuri. Lawama ni zetu."

Wanangu, nimesifiwa mbele ya masheikh na maaskofu. Sijawahi kuaibika kama nilivyoaibika na sifa ile. Mtoto wa watu ameuza nafasi yake ili jina langu lisiguswe. 

Jumatatu yake nilikwenda Mbagala. Baba yake Frenki alizima mashine ya kuchomelea akanionyesha banda nyuma. Nilipoingia walisimama wote, shikamoo tatu kwa pamoja, wakanitafutia kiti, hakikuwepo, nikakaa juu ya debe. Nje ya banda kulikuwa na begi limeshafungwa. Basi la Kahama lilikuwa la Jumapili iliyofuata.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," nikasema. "Nani kati yenu aliona kwamba nimeharibu?"



"Hukuharibu, babu," akasema Hamadi. "Ulisafisha."

"Hamadi."

"Uliharibu kidogo."

"Frenki?"

"Uliharibu sana, babu. Samahani. Shikamoo."

Sikujua akamkanyaga mguu. Mie nikacheka, kisha nikajikuta siwezi kuendelea kucheka.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tungesemaje?" akauliza Sikujua. "Umekesha na kazi yetu juma zima. Ulituombea dua. Mtu mzima kama wewe nikwambie nini, 'Babu, rudisha'? Mama angeamka kaburini anichape."

"Na kwenye redio?"

"Pale ndiyo kabisa. Mie naondoka, wewe unabaki na kazi yako. Bora lawama imfuate anayesafiri."

Hapo ndipo nilipowaeleza jambo ninalotaka mlichukue nyinyi pia. Msikitini imamu yuko mbele na hakuna anayempita. Lakini imamu akisahau, akainuka mahali pa kukaa, aliye nyuma yake husema Subhanallah. Hamgombezi, hamfunzi, humkumbusha tu, na imamu hurudi. Swala inaendelea na hakuna aliyevunjiwa heshima. Anayejua imamu amekosea akanyamaza kwa kumwogopa, huyo amemwacha mzee wa watu apotee na safu nzima nyuma yake.

"Sasa mie nilikuwa mbele na nyie mlininyamazia," nikawaambia. "Nami sikuacha nafasi ya kukumbushwa. Makosa ni yangu kwanza."

Frenki, ambaye ni Msabato, akauliza, "Kwa hiyo nasie tuseme Subhanallah?"

"Wewe gonga hili debe."

Ndivyo tulivyofanya. Nilishusha kopo la biskuti, nikafungua kanga, na nakala mbichi ilikuwemo, haijaguswa. Mzee Anyosisye, popote alipolazwa, Mungu amrehemu kwa kiasi cha kila pumzi iliyokuwa mle ndani. Kazi iliyonichukua juma zima kuiharibu tuliifanya upya kwa alasiri mbili. Niliketi kwenye mashine, wao watatu nyuma yangu, debe miguuni mwa Frenki. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, wanangu, kama mkono wa mlevi. Nikigusa mkoromo wa spika: kwaa. Nikisogeza ngoma iliyotangulia: kwaa. Mara moja nilinyoosha mkono kuchukua miwani tu na debe likagongwa.

"Miwani, Frenki."

"Samahani babu, niliwahi."

Kulikuwa na mahali nilipokuwa na haki pia. Besi ya wimbo wa nne ilikuwa ikimeza maneno, nikawaeleza, wakasikiliza, wakakubali. Msidhani nawaambia mkae tu kama sanamu mteja akifanya atakavyo. Nawaambia kabla ya kuondoa kitu muulizeni mwenyewe alikiweka cha nini.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Kawe kwenye kituo cha redio, flashi mfukoni mwa kanzu. Yule mchambuzi alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, miwani mikubwa, mnyenyekevu. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo mzee. Nimemkosea mtu?"

"Marahaba. Hukukosea. Ulisema kweli, ila ulimwambia asiyehusika." Nikaweka flashi mezani. "Pumzi ulizozitafuta nilizitoa mie. Mie ndiye fundi. Yule binti alinifunika tu."

 Akaniambia kazi iliyokwisha kuchambuliwa huwa hairudiwi, kwa sababu kila mtu angekuja na flashi yake. Nikamwambia sitaki aisifu. Nataka aisikie, halafu aseme atakalosema, na kama bado ni pamba aseme pamba. Ila basi la Kahama linaondoka Jumapili alfajiri, na kesho ndiyo Jumamosi.

Kesho yake akanikaribisha hewani. Nilisema jina langu na kosa langu kwa maneno machache, kwa sababu kuomba radhi kwa maneno mengi ni kujitetea. Kisha akapiga "Zamu Yangu" yote. Ndani ya chumba kile cha redio nilisikia kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nimekirekodi. Mkoromo, fimbo, ile sauti inayopanda hadi inapasuka. Debe likatua. Hema moja ndefu, mbili fupi.

Mchambuzi hakuimwagia sifa. Alisema gitaa bado linamkera, na wimbo wa tatu ungekwisha mapema usingepungukiwa kitu. Alisema hajui kama ataisikiliza akiwa anakula. "Lakini," akasema, "juma lililopita niliwaambia hawa vijana wamesoma shida kwenye simu. Neno hilo nalirudisha. Huyu binti amebeba ndoo."

Basi. Bendi ikaitoa upya ile albamu. Gazeti moja baadaye liliandika kwamba ni albamu ya kelele yenye maneno ya maana, na vijana mtandaoni waligawanyika, wengine wakaipenda, wengine wakasema ile ya kwanza, kaswida ya roki kama walivyoiita, ilifaa zaidi kulalia. Mpaka leo wapo wanaoitafuta ile ya kwanza. Msiwape.

Nilipotoka chumbani, mpokeaji wa simu akaniita. Kulikuwa na mtu ananitaka. Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima, nyuma yake zinasikika honi za mabasi.

"Mzee Shomari? Mie ni mjomba wake Sikujua. Niko stendi hapa Mbezi, nilikuja kuthibitisha kiti chake cha kesho. Dereva mmoja kaweka redio."

"Nakusikia, ndugu yangu."



"Marehemu dada yangu alikuwa akibeba maji ya watu," akasema. "Ndiyo yaliyonisomesha mie, na mie ndiyo nikamsomesha mtoto. Jioni akirudi, mie niko ndani na madaftari, nilikuwa najua amefika kwa kusikia. Anatua ndoo, anahema moja ndefu, halafu mbili fupi. Kila siku. Nimeisikia hapa stendi, mzee, nimegeuka nyuma kumtafuta."

 Nilisema inna lillahi, kwa sauti ndogo, naye akaitikia Amina, maana wao ni Wakristo.

"Kiti nimekirudisha," akasema. "Yule mchambuzi hata sikumngoja amalize."

Siku mbili baadaye nilimuuliza Sikujua. Nilimuuliza kwa utaratibu, kwenye banda lao, kama zile hema tatu za mwisho alizipanga kwa ajili ya mama yake. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Hema gani, babu? Mie pale nilikuwa nimechoka tu."

Nilipostaafu, walioniaga walinipa saa ya ukutani na msala mzuri wa kuswalia. Mie nikaacha kitu kimoja studio, mlangoni, karibu na friji la mwenye duka: lile debe la Frenki. Kila anayekuja kurekodi, awe sheikh au mwanakwaya au mtoto aliyevaa pini, anaonyeshwa na kuambiwa kazi yake. Nanyi mliosoma hadi hapa, kama kuna mahali mzee wenu amesafisha mno, ligongeni. Nitarudi nyuma.